Nyama ya Ntheo Tuliyokula Nuu

Yule mzee wa kanisa akisimama kuomba, ungeenda mtoni, uchote maji, urudi, umpate bado ako kwa wagonjwa. Hata kwa wasafiri hajafika. Alikuwa anafunga macho hivi, anainua kidevu, anaanza pole pole kama mtu amebeba yai mdomoni: "Baaaba. Baba wa rehema. Baba wa yatima na wajane." Hapo kwa wajane anashusha sauti, anaitetemesha. Na mimi mjane, nimekaa kwa benchi ya akina mama, nilikuwa nasema kwa roho yangu, Mungu siku moja atamuuliza huyu, wajane gani.

Sikumpenda. Wacha niseme mapema, nyinyi mnaoandika, msije mkafikiri hapa kuna mtu mtakatifu anaongea. Nilianza kumchukia siku aliponitoa kwa kuongoza nyimbo, ati sauti yangu ni ya ngoma, haifai kwa nyumba ya Mungu. Lakini hiyo ni chuki ndogo. Hii nyingine ndiyo kubwa.

Tulikuwa Matinyani, na kanisa yetu ilikuwa na mabati mbele na nyasi nyuma, kwa sababu mabati iliisha. Huyo mzee alikuwa na kaka yake mkubwa ambaye alikufa mapema, akaacha bibi bila mtoto hata mmoja. Huyo bibi ndiye alikuwa jirani yangu, boma yake na yangu zinashikana. Sasa kwetu Ukambani mwanamke kama huyo hakai tu akingoja kufa. Anachukua mbuzi zake mwenyewe, anaenda kwa watu kuomba msichana, anamuoa. Msichana huyo tunamwita iweto. Anazaa na mwanamume wa nje, na watoto ni wa hiyo nyumba, wa yule bwana aliyekufa, na shamba inakuwa yao. Watu wa misheni walipoona hiyo kitu walishika kichwa. Sisi tulijua ni ya nini. Ni ya kufanya moto wa hiyo nyumba usizimike.

Jirani yangu aliomba msichana huko Nuu, mbali, mahali jua inakaa karibu na kichwa. Tulienda watu watatu. Yeye mwenyewe. Mimi, wa kubeba na kupika. Na huyo shemeji yake, kwa sababu mwanamume wa nyumba ndiye anaongoza mbuzi. Wakati huo hakuwa mzee wa kanisa, alikuwa tu kijana na fimbo. Tulitembea siku mbili na mbuzi tatu, na moja yenye madoadoa ilikuwa inataka kurudi nyumbani kila saa.

Hizo mbuzi ndizo ntheo. Mkifika, moja inachinjwa, watu wa msichana wanakula, na nyinyi mnakula. Bila hiyo nyama kuliwa na pande zote mbili, hata ukae na msichana mpaka mvi, si bibi, ni mgeni. Ikiliwa, imekwisha. Aliyekula ni shahidi, hawezi kusema hajui.

Basi mimi nilipika. Na huyu bwana alikula. Alikula mguu wa mbele, akatafuta mafuta kwa vidole, akaniuliza, "Na figo ilienda wapi?" Nikamwambia figo imeliwa na wenyewe. Akafunga kipande kingine kwa majani, akampelekea bibi yake. Pombe ya asali pia ilikuwako, na tulikunywa wote. Hapa ndipo shida yangu ilianza. Yeye alikuwa hajaokoka. Mimi nilikuwa nimebatizwa tayari, na kitambaa cheupe cha akina mama nimeshapewa. Yaani dhambi yake ilikuwa ng'ambo ya maji, yangu ilikuwa upande huu. Nilirudi Matinyani nikafunga mdomo.

Miaka ikapita. Yule msichana akazaa watoto wawili. Huyu bwana akaokoka, akanunua koti, akafanywa mzee wa kanisa. Halafu jirani yangu akashikwa na homa, akaenda. Na wakati huo huo serikali ikasema inakuja kupima mashamba, kila mtu aandikwe na yake.

Kwa mazishi, udongo bado mbichi, mzee akasimama na koti yake. "Ndugu na dada. Tunashukuru pia huyu dada yetu kutoka Nuu. Amemtumikia marehemu vizuri, amemchotea maji. Mungu amlipe. Sasa aanze kutafuta njia ya kurudi kwao." Sauti tamu, kama anampa zawadi. Huyo dada alikuwa amesimama pale na mtoto kwa mgongo. Alikuwa mtu wa maneno kidogo. Kila Jumapili alikuja kanisani akakaa nyuma, na pasta alikuwa amekataa kumbatiza, ati aseme kwanza bwana yake ni nani.

Wiki hiyo hiyo ng'ombe za mzee ziliingia kwa kunde za iweto. Mzee akasema ng'ombe haijui mpaka. Wiki ya pili akapanda mstari wa makonge katikati ya uwanja wa iweto, karibu na jiko.

Iweto akaja kwangu. Nilikuwa napepeta mtama.

"Mwaitu," akaniita. Kwetu hiyo ni mama, na ndivyo alikuwa ananiita tangu Nuu.

"Sema, mwana wangu."

"Ile siku kwetu, ulikuwako."

"Siku gani?"

Akaniangalia tu.

"Mimi nilikuwa na kazi ya kupika," nikasema. "Hayo ya mbuzi yalikuwa ya wanaume. Sikuangalia."

"Sawa, mwaitu," akasema, akaenda. Afadhali angenitukana, ningekuwa na kitu ya kujibu. Nilipepeta huo mtama mpaka ikabaki nusu, ingine imeruka yote kwa kuku.

Tulikuwa na mwethya yetu, kundi ya akina mama. Leo mnaenda wote na majembe kwa shamba ya mmoja, mnachimba matuta mvua isibebe udongo, wiki ijayo mnaenda kwa mwingine. Mwenye shamba anapika chakula ya wote. Huyo iweto alikuwa amechimba kwa kila mtu, hata kwa huyo mzee, hata kwangu, tena kwangu alichimba na mimba. Siku yake ikafika. Tukakutana njia panda na majembe, na kiongozi wetu, mwanamke mkubwa wa kuongea na mikono kwa kiuno, akasema, "Leo hatuendi. Tumeambiwa hiyo mahali haijulikani ni ya nani."

"Tumeambiwa na nani?" mmoja akauliza.

"Na wale wanajua."

Bibi ya mzee alikuwa hapo. Alikuwa anaangalia jembe yake kama ameandikiwa kitu juu yake.

Mwingine akasema, "Basi achimbiwe na yule mwanamke alimuoa. Si yuko hapo chini, ako karibu na udongo." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nataka muandike hiyo, ile saa watu walicheka mimi pia nilicheka.

Nikarudi kwangu na njia ya nyuma, inayopita kwake. Alikuwa anachimba peke yake, watoto wamekaa kwa kivuli ya ghala. Na kwa moto kulikuwa na ile sufuria kubwa ya mazishi, imejaa muthokoi ya mahindi na kunde mpaka juu, imefunikwa na ungo. Chakula ya watu ishirini na zaidi. Alikuwa ameamka usiku kutwanga hiyo mahindi, na nyumbani kwake najua hakukuwa na debe ingine. Akaniona. Akasema, "Mwaitu, karibu, chakula imeiva." Sikuweza kukaribia. Nilienda nikakaa ndani kwangu na mlango umefungwa, mchana kama mwizi.

Mungu hakuniongelesha, mimi si mtu wa kuona maono. Nilisikia tu aibu, na juu ya aibu hasira, na hasira ndiyo ilinisimamisha. Nasema vile ilikuwa.

Sasa kanisani kwetu ushuhuda ulikuwa na njia yake. Unasimama, unashika mikono hapa mbele, unasema na ile sauti nyembamba: "Bwana asifiwe. Bwana asifiwe tena. Nampenda Yesu kwa sababu yeye alinipenda kwanza. Wiki hii Shetani alinijaribu na jino, lakini Bwana ameshinda. Mniombee." Unaketi. Ukizidisha, ama ukianza kutaja ya watu, mtu mmoja anaanzisha wimbo, kanisa yote inashika, na wewe unaketi kwa aibu. Hakuna aliyekwambia keti. Ni wimbo tu.

Jumapili hiyo, siku mbili kabla watu wa kupima kuja, nikasimama.

"Bwana asifiwe," nikasema. "Niko na dhambi ya kutubu. Nikiwa nimebatizwa nilienda Nuu kwa kuolewa kwa iweto ya marehemu jirani yangu. Nilipika nyama ya ntheo. Nilikunywa pombe, si kidogo."

Akina mama wakaguna. Pasta akaanza kutikisa kichwa ile ya huruma.

"Na mtu aliyeongoza mbuzi," nikasema, "nilimpa mguu wa mbele na mkono huu."

Wimbo. Aliyeanzisha ni mzee mwenyewe, na hakuwa mtu wa kuanzisha nyimbo. Kanisa ikashika. Sikuketi. Nikaimba nao, kwani wimbo ina kosa gani, na hiyo sauti yangu ya ngoma nikaiachilia yote. Ikaisha.

"Mguu wa mbele," nikasema, "na akauliza figo."

Wimbo wa pili. Huu uliimbwa haraka haraka, kama watu wanafukuza nyani kwa shamba. Nyuma yangu mtu akanivuta gauni. "Keti wewe, unatuletea laana." Nikatoa huo mkono. Wimbo ikaisha, na watu walikuwa wamechoka pumzi.

Pasta sasa akaongea. Huyo alikuwa anapitishia maneno kwa pua. "Mama, tumesikia. Keti."

"Pasta, sijamaliza kutubu. Ama siku hizi kutubu kuko na saa?"

Akafungua Biblia, akaifunga.

"Dhambi yangu ya mwisho," nikasema. "Huyu msichana alikuja akaniuliza kama nilikuwako, nikamwambia sikuangalia. Nilidanganya. Niliangalia yote. Yeye ni bibi wa hiyo nyumba na watoto ni wa hiyo nyumba, na huyu mzee anajua, kwa sababu alikula."

Mzee akasimama. Hakufunga macho. "Mimi ni mtu mpya," akasema. "Mambo ya zamani Yesu alifuta. Mimi hiyo nyama siijui."

"Sawa, alifuta dhambi yako. Na mbuzi alifuta? Hawa watoto wawili pia wamefutwa, warudi ndani ya tumbo?"

"Wewe hata kusoma hiyo Biblia hujui."

"Sijui. Wewe unaisoma, na ukifika kwa wajane unaomba vizuri sana, halafu unatoka hapa unapanda makonge kwa jiko ya mjane."

Mtu akasema, "Shetani ametoka." Mwingine akasema, "Ni pombe hiyo, bado iko ndani." Pasta akatoa baraka mbio mbio na mahubiri ikawa haikuhubiriwa siku hiyo. Nje hakuna mtu alinisalimia. Hata yule mwenye jino.

Waliniita kesho yake kwa chumba ya pasta, wazee watano kwa viti, mimi kwa miguu. Wakasema nimekiri pombe na mila, kwa hivyo mwaka mmoja bila Meza ya Bwana, na nirudishe kitambaa. Nikauliza, "Na aliyekula?" Pasta akasema na pua, "Yeye alikula kabla ya wokovu." Nikafungua kitambaa hapo hapo, nikakiweka kwa meza. Nilifikiri sitalia, lakini njiani nililia, kwa sababu hicho kitambaa nilikipenda. Kiongozi wa mwethya naye akatuma mtu aniambie nisisumbuke kuja na jembe.

Watu wa kupima walikuja na minyororo na vigingi. Ofisa alikuwa mtu wa pwani, Muislamu, kofia yake safi, na Kiswahili chake kilikuwa kinateleza mpaka unaona aibu ya chako. Wazee watatu wa komiti, watu wa kwetu, walikaa kwa mawe. Mzee alikuja na koti, na jua vile ilikuwa. Iweto alisimama na watoto wake karibu na mlango. Alikuwa amefunga vyombo vyake kwa shuka, iko hapo chini. Alikuwa tayari kwa yote mawili.

Ofisa akauliza shamba ni ya nani. Mzee akasema ni ya kaka yake, na kaka hakuacha mtu. Nikasema ameacha. Ofisa akanigeukia: "Bi mkubwa, tafadhali, hebu tueleze ulilolishuhudia." Hakuna mtu alikuwa ameniita bi mkubwa maisha yangu yote. Nikaeleza, Nuu, mbuzi, nyama.

Mzee akacheka kidogo. "Bwana ofisa, huyu kanisa imemweka nje. Ni mlevi. Amekiri mwenyewe."

"Mzee wangu," ofisa akasema, "mimi sikuja kupima kanisa."

Lakini mmoja wa komiti akasema, na ni kweli, "Shahidi mmoja hatoshi. Wazee wa Nuu waliokula wamekufa. Mzee, nakuuliza mbele ya watu. Uliongoza mbuzi?"

"Siijui hiyo safari."

Nikaona iweto ameinama, anashika ile shuka ya vyombo. Nikajua imekwisha, na kama ingekwisha hivyo basi nilikuwa nimevua kitambaa changu kwa bure.

Bibi ya mzee alikuwa ameleta chai ya komiti. Alikuwa amechuchumaa na birika, anamimina. Akasema, bila kuinua kichwa, sauti ya mtu anauliza kama sukari inatosha:

"Mimi nilikula."

"Nini, mama?"

"Hiyo nyama. Aliniletea kwa majani. Ilikuwa imeshika moshi, ilikuwa ya safari. Akaniambia, kula, nyumba ya kaka imepata mtu." Akamimina kikombe ingine. "Si kitu ya kusahau. Mwaka huo hatukuwa tunaona nyama."

Mzee akasema, "Wewe mwanamke." Tu hivyo. Halafu akatafuta kiti na hakukuwa na kiti.

Ofisa akaandika jina ya iweto na ya watoto. Kigingi kikapigwa nje ya makonge, ile makonge ikabaki ndani kwake. Nasikia mzee alikataa chakula ya bibi yake wiki tatu, akawa anakula maembe na maziwa. Bibi naye akaendelea kupika, anaweka mbele yake, anaondoa. Huyo bibi hawakumweka nje kanisani. Walishindwa waandike dhambi gani.

Mimi nilikuwa na furaha, na haikuwa furaha nzuri. Ile njia ya ng'ombe za mzee kwenda kisima cha mchanga ilikuwa inapita katikati ya shamba ya iweto. Hapakuwa na ingine ya karibu, kando ni korongo. Siku ya tatu baada ya kupimwa nikakata miiba mzigo mkubwa, nikaivuta mpaka kwake, mikono yote damu.

"Tufunge," nikamwambia. "Azungukie huko mlimani, ajue."

Alikuwa anang'oa makonge. Akasimama. "Ng'ombe hazijakataa mtu, mwaitu."

"Na yeye?"

"Yeye anafuata ng'ombe."

Saa hiyo hiyo tukasikia kengele. Zikapita, moja moja, na yeye nyuma na macho chini. Iweto akamwambia, "Habari ya jioni, baba." Yule mzee akatoa kitu kwa koo, sijui ilikuwa salamu ama kikohozi, akapita.

Nikakasirika. "Unamsalimia? Mimi nimenyang'anywa kitambaa kwa sababu yako, na wewe unamsalimia?"

Akapangusa mikono kwa leso. Alikuwa na njia ya kuuliza bila kupandisha sauti, hata kuiga siwezi vizuri. "Mwaitu, ile siku kanisani. Ulikuwa unanisaidia mimi, ama ulikuwa unampiga yeye?"

Nilitaka kudanganya. Nikasema, "Zote mbili."

"Ya kunisaidia, nakushukuru mpaka nife. Hiyo ingine ni yako."

Akarudi kwa makonge yake. Nikakaa hapo kando ya njia na miiba yangu mpaka ng'ombe zikarudi kutoka majini, na mzee akapita tena, na safari hii aliniangalia mimi, si yeye. Nikamwangalia. Hatukusalimiana. Halafu nikavuta hiyo miiba yote mpaka kwangu, nikaizungushia kuku. Hasira bado nilikuwa nayo, hata sasa kidogo iko. Lakini hiyo njia sikuifunga.